Kakata rejea zote, pembeni kaandika UMBEA!

Wakuu, nina hasira hapa.

Yule bwana wa kalamu nyekundu, Mtwara nzima mnamjua, kapitia tasnifu yangu ya minada ya korosho. Kafika kwenye marejeleo, machapisho yote ya Facebook kayapiga mstari mrefu kama barabara ya Masasi. Pembeni: UMBEA. Hata nukta hakuweka!

Wakulima wa Tandahimba na Newala walipogomea bei mnadani Oktoba 2018, kelele zilipigwa wapi, kwenye jarida la Oxford? APA, mwongozo wa kuandika rejea, toleo la 7 lina kifungu kizima cha mitandao ya kijamii. Yeye UMBEA! Kwa herufi kubwa!

Mzee wa Ng'onda: Weka rejea moja tuione kabla hatujamtukana mtu.

Mleta mada: "Facebook (2018). www.facebook.com". Umbea uko wapi hapo?

Mzee wa Ng'onda: 😂😂 Umenukuu Facebook nzima na Zuckerberg ndani! Bwana kakuhurumia. Mwandishi ni mwenye ukurasa. Jina lake, kisha (mwaka, mwezi tarehe), kisha maneno 20 ya mwanzo ya chapisho kwa herufi za mlazo, makosa yake yaache hivyohivyo. Halafu [Chapisho], Facebook, kiungo. Bonyeza ile tarehe ya chapisho lifunguke peke yake, ndipo unakili kiungo.

Korosho Ghafi: Ila kwenye kiungo usifyeke kila kitu baada ya alama ya kuuliza. "igsh" ya Instagram na "fbclid" ya Facebook ni alama za ufuatiliaji tu, tupa. "story_fbid" ndiyo namba ya chapisho, ukiikata msomaji halioni.

Binti Shangani: Na likifutwa je? Wayback Machine, ile tovuti ya kuhifadhi nakala za kurasa, mara nyingi inagoma kwa Facebook. Piga skrinishoti siku hiyohiyo, jina na tarehe vionekane, weka kwenye viambatisho.

Mleta mada: Mimi nalia na UMBEA, nyie mnanifundisha mabano?

Nahodha Mikindani: Mimi nina kundi la WhatsApp la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Linakaa wapi?

Korosho Ghafi: Orodhani haliingii, msomaji atalifunguaje? Ujumbe wa kawaida unautaja ndani ya matini tu: jina, mawasiliano binafsi, tarehe. Ila kama kundi ndilo unalolitafiti, hiyo si rejea kaka, ni data. Omba idhini, ficha majina.

Nahodha Mikindani: Idhini ya watu 200?! Mwenyekiti mwenyewe hajibu salamu.

Binti Shangani: Steshenari za getini nazo! Emoji zote zimetoka viboksi.

Mzee wa Ng'onda: Iandike kwa maneno, [emoji ya kulia]. Inahesabika neno moja kati ya yale 20.

Binti Shangani: Na jalada wamenibandikia jina la mtu mwingine.

Nahodha Mikindani: Hao hao! Wino ukurasa wa kumi umeshapauka. Lindi mjini nani anachapa vizuri?

Mleta mada: Jamani, UMBEA wangu?

Korosho Ghafi: Nahodha, njoo inbox.