Kufungua kanisa jipya: cheti kwanza au kazi kwanza?

Mwanzisha mada (mzee wa kanisa, Mbeya)

Wanajamvi, Bwana Yesu asifiwe. Na wasio wa upande huo nawasalimu pia, maana jambo hili linawagusa hata wanaolala jirani na spika.

Hoja yenyewe ni hii: mtu akitaka kuanzisha kanisa, adaiwe cheti cha theolojia kwanza? Rwanda walishajibu. Mwanzoni mwa 2018 walifunga makanisa zaidi ya 700 Kigali pekee, na mwaka huohuo ikatoka sheria inayomtaka mkuu wa kanisa awe na shahada ya masomo ya dini. Waliokuwa hawana walipewa miaka mitano wajipange. Mwaka 2024 wakaguzi wakapita tena, na maelfu ya nyumba za ibada zikapigwa kufuli. Kenya nao, baada ya vifo vya waumini msituni Shakahola, waliunda kikosi kazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kutazama namna ya kuyasimamia makanisa. Hapa kwetu ipo Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, ambayo ni ya usajili. Haikuandikwa ili kupima mahubiri. Kila likitokea la kutokea, sauti zinapanda: "Wachungaji wasome!"

Mimi nasema cheti si dawa. Ugonjwa ni kumtuma mtu peke yake.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kwenye kamati ya uinjilisti ya usharika wetu. Tulimtuma kijana akafungue mtaa mpya kule bondeni kwenye mpunga. Si kwamba hakusoma. Diploma anayo, miaka mitatu bweni, Kiyunani kidogo, na akihubiri unasahau njaa. Tukampa baiskeli, maturubai mawili na posho ya miezi kumi na miwili. Tukamwekea mikono, tukaimba, tukarudi nyumbani kula pilau.

Mwezi wa nne nikashuka kumtembelea. Alinionyesha daftari la sadaka, limepigwa mistari kwa rula vizuri kabisa. Jumapili moja imeandikwa: taslimu 6,350, mayai 11, mpunga sado moja, jogoo mmoja. Mnajua mnada wetu baada ya ibada: vitu vinanadiwa nje, hela inaingia kwenye sadaka. Sasa mbele ya jogoo imeandikwa 8,000, na pembeni kwa kalamu nyekundu: "deni, mimi." Nikamuuliza. Akasema hakuna mtu aliyekuwa na hela siku hiyo, mnada ukadoda, akaona aibu, akamnunua yeye kwa mkopo, kisha jioni akamrudishia mama aliyemtoa kwa sababu ndiye jogoo pekee aliyekuwa naye.

Nilicheka. Baadaye sikucheka. Kijana alikuwa hajui, na chuo hakikumwambia, kwamba mkulima wa mpunga hana shilingi mpaka avune, kwa hiyo kanisa la bondeni bajeti yake inafuata mavuno, haifuati Jumapili. Alikuwa hajui kuendesha kikao cha watu wawili wanaogombea mpaka wa shamba na wote ni wazee wake wa kanisa. Alikuwa hajui afanye nini kwenye msiba wa ukoo ambao nusu ni Waislamu. Na hakuwa na wa kumuuliza. Mimi nilikwenda mara moja. Mchungaji wetu hakwenda kabisa. Mwezi wa kumi na tatu posho ikakoma, wa kumi na tano akaondoka, sasa yuko mjini anaendesha bodaboda. Diploma ninaamini iko kwenye bahasha yake ya kaki, haijakunjwa hata pembe.

Kuna Mwanglikana mmoja, Roland Allen, alikuwa mmisionari China. Mwaka 1912 aliandika jambo lililowaudhi wakubwa wake: kwamba Paulo alikaa mahali miezi tu, akaweka wazee kutoka kwa wenyeji, akaondoka, ilhali wamisionari wanakaa vizazi na bado wanasema wenyeji hawajaiva. Huyu bwana uzeeni alihamia Kenya, akajifunza Kiswahili hadi akawa anatafsiri tenzi zetu za kale kwa Kiingereza, akafia Nairobi 1947. (Mtu aliyeweza kukaa chini na utenzi mimi namsikiliza kidogo.)

Pendekezo langu: mwenye wito aanze kazi chini ya mlezi, na masomo yamfuate huko aliko. Si jambo geni. Wapresbiteri wa Guatemala walianza mtindo huo 1963 walipoona wanaotoka chuoni hawarudi vijijini. Ndiyo TEE, elimu ya theolojia inayomfuata mwanafunzi alipo, ambayo wengi wenu mmeisoma kwa vile vitabu vya kujaza majibu. Asome wiki nzima, akutane na wenzake na mwalimu mara kwa mara, kesho yake yuko kazini na swali lake.

Haya, nipigeni.

Jirani, Malindi

Mimi si Mkristo, na ni Mpwani. Mzee, wewe wazungumza jogoo, sisi huku tulihesabu maiti. Miili iliyofukuliwa msitu wa Shakahola ilipita 400, na mingine ilikuwa ya watoto wadogo. Waliambiwa wafunge mpaka wafe wakamwone Yesu. Mchungaji wao, Paul Mackenzie, alikuwa dereva wa teksi kabla ya kuwa mchungaji. Nani alimpa kazi? Alijipa. Fundi wa umeme hutakiwa karatasi kabla hajagusa waya za nyumba yako, sembuse mtu wa kugusa roho yako?

Wallahi sitaki kuingilia dini ya mtu. Lakini msiniambie eti cheti hakina maana.

Mkazi wa Kigali

Naishi huku mwaka wa tisa, niseme ninachokiona. Kelele za usiku zimepungua, na hilo hata walokole wenyewe wanakubali kwa sauti ya chini. Ila msidhani makanisa yalifungwa kwa sababu ya mafundisho ya uongo. Mengi yalifungwa kwa vyoo, usalama wa jengo na kelele. Kanisa la tajiri lenye maegesho likabaki, la maskini lenye mahubiri mazuri likafungwa. Nasi ni watu wa Uamsho jamani, ule wa walokole! Moto ule uliotoka Gahini miaka ya 1930 ukafika Uganda, Kagera na Kenya ulibebwa na watu wa kawaida, manesi na wakulima. Kwa sheria ya leo wangapi kati yao wangeruhusiwa kuongoza kanisa?

Mwalimu wa chuo cha biblia

Mzee wa Mbeya, umeandika vizuri lakini umemkata Paulo nusu. Paulo huyohuyo alipofika Efeso alifundisha kila siku kwenye darasa la Tirano kwa miaka miwili, soma Matendo 19. Hicho kilikuwa chuo! Na alimwambia Timotheo asimweke aliyeongoka juzi, asije akavimba kichwa.

Kijana wako hakuangushwa na diploma. Aliangushwa na kamati yako. Ungemtuma asiyesoma, na posho ileile ya miezi kumi na miwili na ziara moja, angeondoka mwezi wa sita.

La pili, hao walezi unaowataka ni akina nani? Nimefundisha miaka mingi, nimewaona wanaolelewa "kazini". Anamwiga mlezi hadi kukohoa. Mlezi akifundisha kwamba umaskini ni laana, wote kumi walio chini yake watafundisha hivyo, kila mmoja na turubai lake. Chuoni angalau anakutana na walimu sita wasiokubaliana.

Mdau

Kanisa siku hizi ni mradi tu, acheni kujichosha. Moshi 2020 watu 20 walikufa wakikanyagana kwenye ibada, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Cheti gani kingezuia?

Mama mchungaji, Kahama

Nimesoma yote nikiwa nakaanga maandazi, na nimesubiri mtu aseme. Hakuna.

Mnasema "mpanda kanisa" kana kwamba anakwenda mmoja. Sisi tulitumwa wawili. Mume wangu alipata mafunzo ya wiki mbili, semina kila robo mwaka, na posho kwa jina lake. Mimi nilipata kitenge. Sasa niwaambie nani alifungua lile kanisa. Wanawake watano wa kwanza walikuja kwa sababu nilikuwa nauza maandazi asubuhi na wanakopa. Mmoja akaleta mumewe, mwaka wa pili. Watoto ni mimi. Msiba ni mimi, mume wangu anakuja siku ya kuzika na biblia, mimi nimelala pale siku tatu. Binti akipata mimba hamwendei mchungaji, ananijia mimi jikoni, na mimi hakuna aliyenifundisha cha kumwambia.

Nilipoomba kwenda kozi niliambiwa bajeti ni ya "watenda kazi". Nikauliza mimi natenda nini. Mpaka leo.

Kwa hiyo hilo la cheti mnalobishania, kabla hamjaulizana chuoni au shambani, semeni kwanza mnamfundisha nani.

Na swali kwa mzee wa Mbeya: kijana wenu alikuwa na mke? Hujamtaja.

Mwanzisha mada

Nimesoma. Nianze na jirani wa Malindi, pole sana, sina la kubishana na makaburi. Ila nikumbushe kitu kimoja: Machi 2023, kabla miili haijaanza kufukuliwa, Mackenzie alikuwa amekamatwa kwa vifo vya watoto wawili, akaachiwa kwa dhamana. Serikali ilikuwa na sheria ya mauaji na ya ulinzi wa watoto. Haikukosa sheria ya theolojia. Kilichokosekana mapema zaidi ni mzee yeyote mwenye uwezo wa kumwambia "kaa chini" naye akakaa. Mtu anayejituma mwenyewe hana wa kumrudisha, na shahada anaweza kuipata na bado asiwe na wa kumrudisha. Wapo.

Na kwa wanaotamani serikali ishike rungu: Juni 2025 kanisa la Askofu Gwajima lilifutiwa usajili hapa Tanzania, na sababu iliyotolewa ilikuwa mahubiri yenye siasa. Umpende usimpende, rungu likishakuwepo halichagui wachawi tu.

Mwalimu, la kamati umenipata. Nakubali. La Tirano pia, ingawa wanafunzi wale walikuwa wenyeji wa pale, hawakuhamishwa bwenini wakarudi hawajui bei ya debe la mpunga. Kuhusu walezi wabaya sina jibu zuri. Labda walezi wawili badala ya mmoja, na mmoja atoke nje ya usharika. Hilo la walimu sita wasiokubaliana nitaliiba.

Mdau, wewe tuachie uzi wetu.

Mama mchungaji. Alikuwa na mke, na mtoto wa miezi saba. Kwenye muhtasari wa kikao tuliandika "mwinjilisti na familia yake", basi. Nilipokwenda bondeni mwezi ule wa nne ni yeye aliyenipikia, wali na mlenda, na ndiye aliyenieleza ugomvi wa mpaka wa shamba ulivyoanza, kwa majina na kwa hatua za miguu, mumewe akiwa amekaa kimya anasikiliza kama mimi. Sikumuuliza lolote kuhusu yeye.

Mama mchungaji, Kahama

Sasa yuko wapi?

Mwanzisha mada

Hakuondoka. Mume alitangulia mjini kutafuta kazi, yeye akabaki kumalizia kuvuna. Nasikia siku za Alhamisi wanawake bado wanakusanyika kwake chini ya lile turubai moja lililobaki. Hatujawahi kumwandikia hata barua. Jumapili hii kuna kikao cha kamati, nimeomba nafasi kwenye ajenda, namba nne, baada ya ukarabati wa choo.

Mama mchungaji, Kahama

Baada ya choo.

Mwanzisha mada

Nitampigia mwenyekiti leo.