Diani na Tiwi: njia za kushuka pwani zifunguliwe kwa lazima?

Mwana wa Tiwi
Naweka hoja hii kabla msimu wa Desemba haujaanza. Kutoka Tiwi hadi Galu, huku Kwale kusini mwa Mombasa, njia za kushuka pwani zinazidi kupungua. Njia niliyokuwa nikipita utotoni na malema, mitego yetu ya samaki, kichwani leo ina geti la chuma, na askari wake ananiuliza naenda kwa nani. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Haya, Katiba imenipa mchanga uliolowa. Nitaufikia vipi ikiwa kutoka barabara ya lami mpaka maji ni ukuta baada ya ukuta? Ukisema uzunguke upite chini kwa chini, bamvua likiingia maji yanapiga ukuta wenyewe, hapitiki. Mvuvi anangoja maji yapwe huku samaki wanaharibika. Familia iliyokodi nyumba ng'ambo ya lami nayo inakwama na watoto wake. Msimamo wangu: kaunti ichukue ramani, ipime upya, ivunje kila geti lililosimama juu ya njia ya umma. Mnasemaje?

Baba Zawadi
Naunga mkono kwa sehemu. Mimi ni mtu wa Nairobi, likizo ya Desemba naleta watoto huko. Lakini tuambiane ukweli, mageti hayakuwekwa bure. Ukishuka pwani hujatandika hata leso, umeshazungukwa: huyu shanga, huyu ngamia, huyu boti ya kioo, huyu anataka kumsuka binti yako nywele bila kuulizwa. Mtoto wangu mdogo alilia akakataa kurudi. Mkifungua njia zote mtaongeza fujo hiyo. Halafu msisahau ni nani anayeibeba hiyo pwani tangu Wazungu wapungue. Bila sisi wa bara kuja Desemba mngekula nini?

Kapiteni Ngalawa
"Mngekula nini?" Tungekula tasi na ugali, Baba Zawadi, kama walivyokula babu zetu kabla hiyo lami haijafika Ukunda. Umekuja kupunga upepo kwenye bahari ya watu, unatuuliza tungekula nini! Nimelea watoto wangu kwa mshipi na ngalawa. Aliyewalisha kwa pesa za likizo yake simjui.

Baba Zawadi
Kapiteni, usipandishe. Nimesema jambo linalojulikana. 2014 Uingereza ilipotoa tahadhari ya usalama watu wake wakaondolewa Diani yote kwa ndege, hoteli zikafungwa. 2020 viwanja vya ndege vikafungwa tena. Mara zote mbili ni Mkenya wa kawaida aliyekuja kulala kwenye vitanda vile. Hilo ni tusi?

Bi Mkubwa wa Ukunda
Mwanangu, sema historia kama ilivyo. Tahadhari ya Mei 2014 ilihusu kisiwa cha Mombasa na ukanda wa kutoka Mtwapa hadi Tiwi. Diani haikuwemo! Na bado tuliumia, kwa sababu mgeni akisikia Mombasa hatofautishi kusini na kaskazini. Nilikuwa na mgahawa wakati huo, najua nilichopitia. Kuhusu 2020 nakubali, wageni wa nchini ndio waliorudi kwanza. Lakini walirudi wakitaka bei ya chini, chakula cha kujipikia, na nyumba ya vyumba vitatu walale watu kumi na wawili. Fedha ilikuja, ila isipimwe kwa kelele za Desemba.

Baba Zawadi
Kwa hiyo kujipikia ni kosa? Samaki mnayemuuzia jirani kwa bei yake, mkisikia lafudhi yangu bei inapanda maradufu. Ndiyo maana nabeba unga na nyama kutoka nyumbani.

Mpima Ardhi Mstaafu
Nirudi kwa swali la mwenye mada, maana nimefanya kazi hii miaka mingi. Kanuni za upimaji zinataka ardhi ya serikali inayopakana na bahari ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida ubakishwe ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa. Hapo ndipo watu wengi hushika. Ila hati kadhaa za pwani yetu zina mizizi katika sheria ya ardhi ya 1908, enzi ya ukoloni, na mipaka yake imeshuka moja kwa moja hadi kwenye alama ya maji. Kwa hati kama hiyo, kaunti ikienda na tingatinga bila amri ya mahakama italipa fidia kwa pesa yenu. Njia zilizochorwa kwenye ramani kati ya kiwanja na kiwanja ni habari nyingine kabisa. Hizo ni za umma, na aliyejenga juu yake hana pa kujitetea. Anzeni na hizo. Ombeni ramani ya eneo katika ofisi ya ardhi, nendeni na mpima, wekeni alama.

Kitu cha pili ambacho hakisemwi: bahari inakula fukwe, na kila anayejenga ukuta wima anarudisha nguvu ya wimbi. Wimbi hilo linachota mchanga wa chini ya ukuta na wa jirani. Baada ya muda hata mgeni wa hoteli yenyewe hana pa kutandika taulo maji yakijaa. Ukuta unalinda bustani na kuua ufuo.

Mama Leso
Mimi nasubiri Baba Zawadi anijibu hilo neno "fujo". Nauza leso na vikapu hapo pwani. Mume wangu alifariki, watoto wamesomeshwa na leso hizo. Hotelini hatuingii, barabarani askari wa kaunti wanatufukuza, pwani ndipo palipobaki. Nikikuonyesha leso ukisema sitaki, naondoka. Wanaomsumbua mgeni mpaka mtoto analia wapo, na sisi wenyewe tunawakanya. Lakini kutuweka wote kapu moja na kusema mageti ni halali kwa sababu yetu, umenichoma moyo.

Baba Zawadi
Mama, samahani kama nimekuumiza, sikukulenga wewe. Lakini nani atanihakikishia kwamba anayekuja ni mama wa leso na si kijana wa kunivutia bangi mbele ya watoto?

Kijana wa Kona ya Musa
Ndiyo hiyo! Kila kijana wa pwani kwako ni bangi. Mimi nina cheti cha kuogelea na kuokoa, nazungusha wageni kwenye miamba wakati wa maji kupwa, nawaonyesha pweza na kiti cha pweza, nawakataza kukanyaga matumbawe. Mwaka jana nilimtoa mtoto wa familia ya bara kwenye mkondo, baba yake yuko kwenye simu. Geti la karibu lilikuwa limefungwa. Tulimbeba kwa mguu mpaka njia iliyo wazi, mbali, ndipo tukapata tuktuk ya kumpeleka hospitali. Alipona, alhamdulillahi. Sasa nambie geti hilo lilikuwa likimlinda nani.

Mtu wa Bamburi
Nawasoma kutoka kaskazini. Sisi tuna ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, pale Pirates, uko wazi kwa kila mtu na umejaa familia za kila kabila na kila dini. Mtoto wa Kisauni na mtoto wa Kisumu wanacheza ndani ya tairi moja. Watu wa Diani mnaogopa nini? Sikukuu inakuwa shida kweli, takataka, msongamano, watoto kupotea. Lakini hilo ni kazi ya vyoo, mapipa na waokoaji wa kutosha. Halitatuliwi kwa geti.

Dereva wa Voi
Pirates uchafu mtupu, ndiyo maana wageni wangu wote nawavusha kusini. Tatizo la kusini ni feri. Unakaa Likoni saa nzima na watoto ndani ya gari, na tangu ile feri izame Likoni na watu mia tatu mwaka 1998, mimi nikiwa juu ya maji yale sitoi mikono kwenye usukani.

Kijana wa Likoni
Kaka, usichanganye. Iliyozama ni ya Mtongwe, Aprili 1994, na waliokufa ni zaidi ya 250. Nimezaliwa Mtongwe, katika mtaa wetu hakuna nyumba isiyokuwa na jina la marehemu wa siku ile. Usitutajie mwaka wa kubahatisha. Na kama feri inakutisha, barabara ya Dongo Kundu iko wazi, unakata Miritini unatokea Kwale bila kugusa maji.

Dereva wa Voi
Dongo Kundu ni nzuri ila ukitokea kisiwani unazunguka, mafuta ya nani? Kwa anayetoka Nairobi hapo sawa. Wa treni tangu 2017 anashukia Miritini, gari la kumfikisha Ukunda kwa njia hiyo ni bei ya kuumiza.

Bi Mkubwa wa Ukunda
Jamani, mada ni njia za pwani. Mzee mpima ametufungulia mlango, kasema ramani zipo na njia za ramani ni zetu, hakuna hata mmoja aliyemjibu. Mmekwenda na feri.

Kapiteni Ngalawa
Bi Mkubwa, ramani nimeiona kwa macho yangu ofisini. Shida haiko kwenye ramani. Hifadhi ya bahari ya Diani-Chale ilitangazwa 1995, sisi wavuvi tukapinga kwa sababu tuliletewa mipaka bila kuulizwa. Tunajua mambo yakianzia juu yanaishia wapi. Kesho watafungua njia, waiite ya umma, waweke kibanda cha tiketi. Mvuvi alipe kuingia bandari yetu ya Mwaepe kupokea samaki wake mwenyewe? Mimi nataka njia ya wavuvi iandikwe kwa jina hilo na isimamiwe na kamati ya bandari yetu.

Baba Zawadi
Na familia yangu ipite wapi, Kapiteni? Njia ikiwa ya wavuvi kwa jina, mimi nitakuwa mgeni getini kwenu kama wewe ulivyo mgeni getini kwa hoteli. Hapo hatujatoka.

Kapiteni Ngalawa
Utapita. Lakini utajua unapita bandari ya watu wenye kazi. Huegeshi gari juu ya nyavu, hurushi chupa. Mtoto wako akitaka kuona samaki wakishushwa atakaribishwa, na atapewa wa kuchoma.

Baba Zawadi
Hilo nalikubali. La wauzaji bado. Waandikishwe, wavae vitambulisho na fulana za rangi moja, niwajue. Njia zifunguliwe siku hiyohiyo orodha inapokamilika.

Mama Leso
Kwa nini orodha yetu itangulie njia? Hoteli haikuulizwa kitambulisho ilipofunga geti. Kitambulisho nitavaa, sina cha kuficha, lakini anayeandikisha ni nani? Tulishaandikishwa kabla. Tulitoa picha, tukatoa ada, kikundi kikagawanyika, viongozi wakaingiza jamaa zao ambao hata leso hawauzi. Orodha ikae mikononi mwa wauzaji na mwakilishi wa wadi, isomwe hadharani, bila ada.

Kijana wa Kona ya Musa
Mwakilishi wa wadi asiguse orodha! Ataijaza wapigakura wake. Ikae kwa kamati ya pwani, tuwe na wavuvi, wauzaji, waokoaji, na hoteli wakitaka walete mtu mmoja.

Mama Leso
Hoteli wakae kwenye kamati ya kuamua nani auze pwani? Mwanangu, hapo umenitoa upande wako. Mimi na hao hatukai meza moja mpaka geti la njia yetu lifunguliwe.

Mwana wa Tiwi
Nimekwenda ofisi ya ardhi leo kwa ushauri wa mzee mpima. Nakala ya ramani inalipiwa, na wanataka namba ya kila kiwanja kinachopakana na njia. Nina namba za upande wa Tiwi. Mwenye namba za Galu anitumie kabla ya Ijumaa, na mzee, kama unajua mpima mwenye leseni atakayekubali kuweka alama bila kuogopa wenye viwanja, niambie pembeni.