Bondia wako akikutwa na dawa za kuongeza nguvu, bado unamshangilia?

Wakuu, Aprili 2024 nilikesha kumwangalia Ryan Garcia akimwangusha Devin Haney mara tatu. Nilipiga kelele hadi watoto wakaamka. Baadaye vipimo vya Garcia vikaonyesha ostarini, dawa ya kujenga misuli iliyopigwa marufuku, ushindi ukafutwa, akafungiwa mwaka mmoja. Najiona mjinga. Nyie mnafanyaje?

Jibu: Pole mkuu, utazoea. Bondia wa Mexico, Canelo Alvarez, alikutwa na klenbuteroli, dawa nyingine iliyopigwa marufuku, 2018, akasema ni nyama aliyokula. Alifungiwa miezi sita tu, karudi kampiga mpinzani wake Golovkin, na ukumbi ukalipuka. Mimi nikiwemo, sikatai.

Jibu: Mkimbiaji akidanganya anaiba medali. Bondia akidanganya anampiga mwenzake kichwani. Matokeo yamefutwa, sawa, ila zile ngumi alizokula Haney nani atazifuta?

Muuliza swali: Hapo umenimaliza.