Mdogo wangu anaamini dunia iko tupu ndani, anataka kutoa pesa za karafuu. Nifanyeje?

BintiWete: Asalaam alaykum wadau. Mie nipo Wete, nna mdogo wangu wa kiume kamaliza skuli mwaka jana, kijana anaswali hana neno na mtu, lakini tangu aingie grupu moja la Telegram anasema dunia iko tupu ndani, ati ncha ya kaskazini kuna shimo kubwa, mule ndani mna jua dogo na watu wanaishi, na Yajuj na Majuj wamo humohumo. Mwanzo tukicheka. Sasa hao wa grupu wanachangisha safari ya kwenda huko shimoni na yeye anataka kutoa fungu lake lote la karafuu, mikarafuu yenyewe ya marehemu baba. Nikisema kitu ananionesha picha ya setilaiti ina duara jeusi, na ati Admirali Byrd wa Marekani aliingia na ndege. Mama anasema kachezewa, apelekwe kwa mganga, mie hayo sitaki. Nimwambieje akanielewa?

Mkaa_Baraza: Ukhti mpe pesa zake anunue koti, huko baridi 😂😂

MwalimuMstaafu: W/salaam mwanangu. Usimcheke, ukimcheka umempoteza. Wazo lenyewe alilitoa mtu mzito, Edmond Halley, huyohuyo wa nyota ya mkia, mwaka 1692. Aliona dira zinahamahama mwaka hadi mwaka akadhani ndani mna maganda mengine yanazunguka kivyake, la juu unene wake kama maili 500. Mashimo ya kwenye ncha aliyapigia debe Mmarekani John Cleves Symmes mwaka 1818, akatangaza anataka watu mia waende naye kupitia Siberia, kwa hiyo hii michango ya safari haikuanza leo 😀 Kafa 1829 hajenda. Lakini tayari 1798 mwanasayansi wa Kiingereza, Henry Cavendish, alishapima, akakuta dunia ina uzito kama mara tano na nusu ya maji ya ujazo huohuo, na mawe ya hapa juu hayafiki hata mara tatu. Basi uzito uliobaki uko wapi kama si ndani?

Kijana_Mkoani: Mwalimu na heshima zako lkn nani kafika? Warusi kule Kola wamechimba mita 12,262 wakaacha, na mpaka katikati ni kilomita 6,371. Wamejuaje?

MwalimuMstaafu: Suali zuri, na BintiWete jiandae maana na mdogo wako atakuuliza hilo. Kola waliacha sababu joto lilifika nyuzi 180, mwamba ukawa laini shimo linajifunga. Lakini nazi huivunji kujua kama ina maji, unaitikisa tu. Tetemeko likipiga upande huu, mawimbi yake yanapita ndani ya dunia yanapokewa na mashine upande wa pili. Pangekuwa patupu yasingepita katikati, na yanapita, ila yanapinda na mengine yanakwama penye majimaji. Kwa njia hiyo Inge Lehmann, mama wa Kidenmark, alijua mwaka 1936 kwamba ndani kabisa ya kiini cha dunia mna kiini kingine.

Ustadh_Micheweni: Suratul Kahf imetaja Yajuj na Majuj wamewekewa kizuizi baina ya milima miwili. Ndani ya ardhi kumetajwa wapi? Aende kwa mwalimu wake wa chuoni amuulize, asisome dini Telegram.

MtuWaJambiani: Picha hiyo ni ya setilaiti ESSA-7, Novemba 1968, vipande vingi vimeungwa, na mwezi huo kaskazini hakuchi, usiku mtupu, ndo weusi wenyewe. Kusini nako Wamarekani wana kituo palepale nchani tangu 1956, watu wanalala. Byrd kweli karuka juu ya ncha ya kusini 1929, ila hiyo shajara ya siri inayosema aliingia ndani imezuka miaka mingi baada ya kufa kwake. Kama anapenda ya chini ya ardhi mlete huku nimtembeze pango la Kuumbi, nauli yake tu.

BiMkubwa_Chake: Nyie mnamsomesha jiografia na pesa zinaondoka! Muulize akaunti ya nani, jina kamili. Na hilo fungu likae kwa ami yenu mpaka ajibiwe.

BintiWete: Ahsanteni sana, Bi Mkubwa khasa. Nimemuuliza, kasema akaunti ya admini, jina hajui, keshaenda kuuliza na mpaka sasa wamemtoa grupu 😳 Ami kakubali kuziweka pesa. La Kahf limemkera kweli, kachukua msahafu anatafuta aya. Ila mama bado kang'ang'ania mganga, mwenye neno la kumwambia mtu mzima anisaidie na hilo.