Burroughs ya babu imeganda: petroli, mafuta ya taa au niifungue yote?

Mkonge_Raskazone: Shikamooni wakubwa. Babu alikuwa karani wa shamba la mkonge kule Muheza, katuachia mashine ya kujumlisha ya Burroughs, ile kubwa ya kuvuta mkono ubavuni. Imekaa stoo miaka mingi ikipigwa na upepo wa bahari. Vitufe havirudi, mkono wafika nusu wagoma. Mmoja kaniambia niimwagie petroli, mwingine mafuta ya taa, wa tatu ati niifungue kipande kipande. Pia kitufe cha sifuri kimepotea.

FundiSaa_Ngamiani: Marahaba. Kwanza uache huo mkono, ukiulazimisha utapinda vyuma vya ndani. Mara nyingi kinachokwamisha si kutu, ni mafuta ya zamani yaliyogeuka gundi. Petroli yayeyusha upesi, lakini yaweza kuharibu rangi na vitufe, na cheche moja tu umechoma nyumba. Mafuta ya taa ni ya polepole: paka kwa brashi, yalale usiku kucha, asubuhi bonyeza kitufe kimoja kimoja. Ukiona uchafu mweusi unatoka, rudia.

Dogo_Pongwe: Mimi yangu niliipulizia dawa ya kopo, dakika tano ikawa mpya!

FundiSaa_Ngamiani: Na sasa?

Dogo_Pongwe: Imeganda tena 😅

Bi_Chumbageni: Mie niliifungua yote, picha nimepiga, vikopo nimepanga. Bado nina springi moja sijui ya wapi, na safu ya mamia haijumlishi hadi leo. Usifungue zaidi ya kasha la nje, mwanangu. Na sifuri haijapotea: mashine za vitufe vingi hazina kitufe hicho, safu usiyobonyeza huchapa sifuri yenyewe. Hebu tazama safu ya mwisho kulia. Ikiwa na 10 na 11, hiyo ni ya peni za Kiingereza za zamani, kumi na mbili kwa shilingi moja, hesabu zetu haitazifaa. Sisi tuna senti tangu miaka ya 1920.

FundiSaa_Ngamiani: Bibi kasema. Nyongeza moja: tafuta silinda ndogo ya mafuta inayoungana na mkono. Mashine za kwanza za Burroughs, miaka ya 1880, zilitoa majibu tofauti kulingana na mvutaji. Silinda hiyo ndiyo iliyomwokoa Burroughs mwenyewe, mvumbuzi wa mashine hizi: karani avute kwa hasira au kwa uvivu, ndani mwendo ni ule ule. Mkono ukirudi kwa kishindo, mafuta yake yameisha. Kwingine tia tone moja moja la mafuta ya cherehani, kwenye maungio tu. Na upepo wa kompresa ya matairi huja na majimaji, ukipuliza uianike juani.

Mkonge_Raskazone: Usiku wa tatu wa mafuta ya taa. Safu ya mwisho inaishia 9, alhamdulillah. Mkono unashuka mpaka chini. Nimejumlisha 25 na 25, ikachapa 50, wino hafifu kabisa. Safu ya tano bado inagoma, naiacha ilowe tena.

Bi_Chumbageni: Utepe wa taipureta ukiuotea mjini, ninunulie na mimi.