Ushauri: taipureta ya zamani herufi zinakwama, niweke mafuta gani?

Msafiri_Moro: Wakuu habari za jioni. Nina taipureta ndogo ya kubeba, Olivetti Lettera 32, na begi lake la zipu. Herufi a, s na e zikishagonga karatasi hazirudi, zinabaki zimesimama hadi uzishushe kwa kidole. Niweke mafuta gani? Nataka iwe sawa kabla ya Ijumaa.

Fundi_Ilala: Mafuta usiweke hata tone. Yanashika vumbi, baada ya wiki mbili inakwama kuliko mwanzo. Chukua spiriti na mswaki mkuukuu, sugua vile vijinyufa vilivyopangwa nusu duara, pale vyuma vya herufi vinapopita. Tandika kitambaa chini, gonga vitufe, sugua tena, hadi chuma kirudi chenyewe. Na ukipiga weka karatasi mbili, maana rola ya mpira ikizeeka inakuwa ngumu kama jiwe, herufi zinatoboa.

Mama_Uhazili: Umenikumbusha mbali mwanangu. Mimi ni wa Chuo cha Uhazili Tabora, 1984. Tulikuwa tunafunikwa mikono kwa kitambaa tusione vitufe. Usiku nalala vidole vinacheza kwenye shuka, a s d f, a s d f. Kosa moja kwenye nakala ya kaboni, unaanza ukurasa upya.

Dogo_Kigamboni: Stesheneri zimejaa kila kona, taipureta ya nini mkuu? 😂

Mzee_wa_Hoja: Ijumaa kuna nini?

Msafiri_Moro: Kuna mtu anakuja kuiona.

Mzee_wa_Hoja: Kuiona au kuichukua? Na mashine ni ya nani?

Msafiri_Moro: Sawa, niseme. Ni ya marehemu baba. Kuna dalali anasema hoteli moja Zanzibar inataka kuiweka mapokezi kama pambo. Tumekubaliana 150,000, ametanguliza 80,000 na nimeshalipia ada ya mtoto. Mama yuko kijijini, sijamwambia. Lakini jamani, imekaa uvunguni miaka 12, hakuna ndugu aliyeiulizia. Ni mimi niliyeitoa, ni mimi niliyefukuza mende humo ndani. Ingeoza tu. Baba aliipigia barua zake tangu 1958, wakati wake umepita.

Mama_Uhazili: Mali ya marehemu haiuzwi kimya kimya, baba. Mama yako yuko hai.

Kifaru_Mweupe: Hapa nimeikamata chai. Lettera 32 ilitoka 1963. Mwaka 1958 kulikuwa na Lettera 22, iliyobuniwa na Marcello Nizzoli, ile iliyopata tuzo ya Compasso d'Oro 1954. Huyo baba aliipataje 32 miaka mitano kabla haijatengenezwa? Weka picha.

Dogo_Kigamboni: Chai ya tangawizi hii. Ada ya mtoto, mama kijijini, kila kitu kimo. Nimetoka.

Fundi_Ilala: Chai au si chai, kazi ya spiriti ni ile ile.

Msafiri_Moro: 1958 ni mwaka aliotoka shule akaanza ukarani, nimechanganya. Picha hizo hapo. Nimesugua tangu saa moja, sasa a inarudi. Angalieni k: inakaa juu ya mstari kidogo, kama imekanyaga kokoto. Nikatafuta barua aliyomwandikia mama 1971 akiwa kazini Lindi. Picha ya pili. Kila palipo na "mke wangu", k imepanda vile vile.

Kifaru_Mweupe: Nimezikuza zote mbili. Ni mashine hiyo hiyo. Samahani sana mkuu.

Mzee_wa_Hoja: Basi mpigie mama kabla ya Ijumaa. Dalali anaweza kusubiri.

Msafiri_Moro: Nimempigia. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Kile kikengele cha mwisho wa mstari bado kinalia?" Nikaisogeza simu karibu, nikapiga mstari mzima hadi kikalia. Akasema nipige tena. Dalali nimemwambia nitamrudishia hela yake mwisho wa mwezi, kakasirika, na ana haki. Fundi, utepe wa wino umekauka kabisa, naupata wapi?

Fundi_Ilala: Zungukia maduka ya vifaa vya ofisi vya zamani, ulizia wa upana wa milimita 13. Ila vile vigurudumu vyako vya chuma usivitupe. Utepe mpya ukija na vigurudumu visivyoingia, uhamishie kwenye hivyo kwa mkono. Vaa glovu.