Mtoto kaanguka roshani ya nyumba ya likizo: mwenye nyumba anawajibika?

Muulizaji: Assalamu alaykum ndugu zangu. Tulikodi nyumba ya ufukweni Jambiani, Zanzibar, kwa siku za Idi. Mwanangu wa miaka sita kaegemea kizuizi cha roshani, boriti ikakatika, kaanguka na kuvunjika mkono. Boriti nimeishika mwenyewe: juu imepakwa rangi mpya, ndani mchwa wameimaliza, unga mtupu. Mwenye nyumba ananijibu, "Mtoto huchungwa na mamaake." Nina haki ya kudai?

Jibu 1: Pole sana dada, Mungu amponye. Picha umepiga? Kachukue PF3 polisi, ile fomu ya matibabu ya aliyeumia, na risiti za hospitali usitupe hata moja.

Jibu 2: Asikutishe. Anayepokea wageni kwa pesa ana wajibu wa kuhakikisha nyumba ni salama. Sheria yetu ya madhara, yaani ya kudai fidia ukiumizwa, ina asili ya Uingereza, na kule sheria ya 1957 inasema wazi: mwenye jengo ategemee watoto kuwa na uangalifu mdogo kuliko wakubwa. Atadai hukumwangalia mtoto, lakini hilo halimfutii wajibu wake. Na hiyo rangi juu ya mchwa inaniuma kweli! Aliyepaka aliushika ule mti. Muulize fundi wake. Mwandikie barua ya madai kwanza, ubaki na nakala.

Muulizaji: Ahsante kaka. Nilikuwa hapo hapo roshani namenya chungwa. Kipande cha boriti ninacho, sikirejeshi. Kesho asubuhi naenda polisi.